Naiti Haitibiwi kwa Chupa

Wiki haiishi bila muuguzi kuniuliza swali lile lile, na siku hizi haliishii kliniki. Linanifuata msibani, linanifuata kituo cha daladala pale Pugu Kajiungeni, linaingia kwenye simu saa nane usiku likitoka wodini: "Dokta, samahani, nimeambiwa nina mvurugiko wa homoni kwa sababu ya naiti. Nitumie nini zikae sawa?" Chini ya ujumbe kuna picha ya chupa. Lebo yake ina jani la kijani na orodha ya matatizo ambayo hakuna mtu mzima aliyesalimika nayo: uchovu, hedhi kuruka, tumbo kuongezeka, chunusi, kukosa usingizi, kukosa hamu ya tendo la ndoa.

Jibu langu ni kwamba usitumie kitu. Watu hawalipendi, wanadhani nina haraka, au nimewadharau. Basi nalieleza lote hapa, ili nikiulizwa tena nitume makala badala ya kuandika kwa kidole gumba usiku wa manane.

Dalili zenyewe sizibishi. Wauguzi wengi wanaoishi upande wetu huu, Pugu, Chanika, Kinyerezi, Gongo la Mboto, walifuata viwanja vya bei nafuu. Kazi zao ziko Muhimbili, Amana, Temeke, Mwananyamala au hospitali binafsi za mjini. Aliye naiti, yaani zamu ya usiku, na anayepaswa kukabidhi ripoti saa moja na nusu asubuhi, anaondoka wodini saa mbili na kitu, maana anayempokea naye kakwama njiani. Anapanda daladala moja au mbili, anafika nyumbani saa nne, na hapo ndipo zamu yake ya pili inaanza: vyombo, nguo, mtoto wa chekechea anayerudi mchana. Akipata saa nne za usingizi ndani ya chumba chenye bati lililokwisha kushika moto, anashukuru. Mwili ukianza kulalamika baada ya miezi ya maisha hayo, sioni ajabu yoyote. Ninachobisha ni jina la ugonjwa alilopewa, na aliyempa ni mtu mwenye kitu cha kuuza.

Tuanze na jina hilo. Mwili una homoni zaidi ya 50. Mtu akikwambia homoni zako zimevurugika, muulize ni ipi. Imepanda au imeshuka? Kwa kiasi gani? Imepimwa saa ngapi, siku ya ngapi ya mzunguko? Muuzaji hana jibu la hata swali moja, na wala halihitaji, kwa sababu chupa yake ni hiyo hiyo kwa homoni iliyopanda na kwa iliyoshuka. Thairoidi ikifanya kazi kupita kiasi daktari anatoa dawa ya kuipunguza. Ikizembea anatoa homoni ya kuongezea. Ukibadilisha dawa hizo mbili unaweza kuua mtu. Dawa inayojua yenyewe wapi ipandishe na wapi ishushe haijatengenezwa popote, na ingetengenezwa isingeuzwa kwenye stetasi ya WhatsApp.

Halafu chini ya jina hilo kuna dhana iliyojificha, kwamba homoni zenye afya zimetulia mahali pamoja. Hazijawahi kutulia. Kwa mtu anayelala usiku, kortisoli iko chini kabisa karibu na saa sita usiku, inaanza kupanda kabla hakujapambazuka na kufika kileleni dakika thelathini hadi arobaini na tano baada ya kuamka. Melatonini inakwenda kinyume: mchana ni kama haipo, usiku inapanda mara kumi na zaidi. Homoni ya ukuaji inamwagika kwa wingi kwenye usingizi mzito wa mwanzo. Prolaktini inapanda ukiwa umelala. TSH, ile inayoiamrisha thairoidi, iko juu zaidi usiku kuliko mchana. Estrojeni inapanda mara kadhaa na kushuka tena ndani ya mzunguko mmoja wa hedhi. Anayetaka kuzikalisha zote sawa anataka Barabara ya Nyerere iwe na magari yale yale saa moja asubuhi na saa nane usiku. Kisha anapiga picha moja usiku, anakuta lami tupu, anatangaza kwamba barabara inaumwa.

Vipimo vingi ninavyoletewa ni picha za namna hiyo. Muuguzi ametoka naiti, hajalala kwa karibu saa ishirini, anapita maabara ya mtaani saa tatu asubuhi, anatolewa damu, anauziwa paneli nzima ya homoni. Viwango vya kawaida vilivyochapishwa pembeni mwa karatasi vinamhusu mtu aliyelala usiku na kuamka asubuhi. Kortisoli yake ikisoma chini, anaambiwa tezi zimechoka. Prolaktini ikisoma juu kidogo, anaambiwa ndiyo inayomzuia kushika mimba. Hakuna aliyemuuliza kama alisinzia kwenye daladala muda mfupi kabla ya kuchomwa sindano, au kama anatumia metoklopramidi kwa kichefuchefu, dawa inayopandisha prolaktini kwa mtu yeyote. Progesteroni imepimwa siku ya tano ya mzunguko na imekutwa chini, kama inavyopaswa kuwa siku ya tano.

Wapo pia, na hili nalisema kwa kukata tamaa, wanaotumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu na wamenunua dawa ya kurudisha hedhi. Karibu nusu ya watumiaji wa sindano hiyo hawaoni hedhi baada ya mwaka mmoja. Ni athari inayojulikana ya sindano. Muuguzi analijua hili vizuri kuliko mtu yeyote mtaani kwake. Anawaeleza kina mama kliniki kila siku. Likimfika yeye, tena akiwa amechoka, anamsikiliza muuza chupa.

Mashine ya kushika kifimbo sitaipa nafasi kubwa. Unashika chuma mkononi dakika moja, kompyuta inatema kurasa nyingi zenye rangi kuhusu ini, figo, mifupa na homoni zako. Homoni zimo kwenye damu kwa viwango vya sehemu za bilioni za gramu, na hupimwa kwa kemikali kutoka kwenye damu, mate au mkojo wenyewe. Chuma kile labda kinapima jasho la kiganja. Hakuna muuguzi ambaye angekubali kumchoma mgonjwa wake insulini kwa kufuata karatasi ya mashine ile, lakini kwa mwili wake mwenyewe anakubali.

"Lakini dokta, mwenzangu ilimsaidia." Hii ndiyo hoja pekee inayonifanya nikae chini na kujibu taratibu. Tazama huyo mwenzako aliitumia lini. Watu huanza dawa za namna hii wakiwa hoi kabisa, na muuguzi akiwa hoi kabisa huomba likizo, au rosta ya mwezi unaofuata inamrudisha zamu ya asubuhi. Analala usiku, anakula mchana, hedhi inarudi, uso unanawiri. Sifa inakwenda kwa chupa. Baadaye anaingia naiti tena, mambo yanaharibika, anaambiwa hakumaliza dozi. Huwa namwomba mtu aandike kwenye daftari moja tarehe za naiti, tarehe za ofu na tarehe za chupa. Akileta daftari hilo baada ya miezi michache, mara nyingi hana tena haja ya maelezo yangu.

Na kuna nyakati chupa inafanya kazi kweli, na hapo ndipo naogopa zaidi. Dawa za mitishamba zilizochanganywa kwa siri na deksamethasoni au prednisoloni zimegunduliwa katika nchi nyingi. Steroidi inaleta hamu ya kula, inaleta nguvu, inaondoa maumivu, na yote hayo ndani ya siku chache. Mtumiaji lazima aisifu. Inaleta pia uso wa mviringo, sukari kupanda na presha. Ukiitumia kwa wiki kadhaa kisha ukaiacha ghafla, tezi za adrenali zilizokuwa zimelazwa haziamki kwa wakati, na mtu anaweza kuzimia, hata kufa. Kwa hiyo muuguzi aliyeanza na homoni nzima anamaliza akiwa na ugonjwa wa homoni wa kweli, wenye jina na wenye matibabu marefu. Anayenijibu kwamba kitu cha asili hakina madhara naye anajua kuwa mihogo michungu ni ya asili. Isipoandaliwa vizuri inaleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu moja kwa moja, na umeripotiwa hapa hapa nchini, Tarime na Mtwara.

Sina ugomvi na waganga wa tiba asili. Nchi ina baraza lao kwa sheria ya mwaka 2002, na wapo wenye heshima zao ambao hawajawahi kudai kwamba wanatibu rosta. Na kabla hujauliza kuhusu maziwa ya kutoa sumu baada ya zamu: kunywa, kama unapenda maziwa. Kukesha hakuachi sumu ambayo maziwa yataitoa.

Sasa kinachotokea mwilini. Juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana ndani ya ubongo kuna kundi la seli kama 20,000, na hizo ndizo saa kuu. Zinaletewa habari za mwanga na seli maalumu zilizo ndani ya jicho, upande wa nyuma, ambazo kazi yake kubwa ni kukadiria mwanga, hasa wa buluu, kuliko kuona sura au maandishi. Jeni zinazoiendesha saa hiyo ziliwapa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel ya mwaka 2017, baada ya miaka mingi ya kuchunguza nzi wa matunda. Lakini saa haiko kichwani peke yake. Ini lina yake, kongosho lina yake, mafuta ya tumboni yana yake, hata ovari zina yake, na nyingi kati ya hizi za chini zinafuata sana muda wa kula. Muuguzi anayekula chipsi mayai saa nane usiku ameliambia ini kwamba kumekucha, wakati ubongo bado unasema ni usiku. Homoni zinatoka, na zinatoka za kutosha. Zinakuta tu viungo ambavyo havikujiandaa kuzipokea saa hiyo.

Haya yamepimwa kwa watu. Mwaka 2009 Frank Scheer na wenzake wa Boston walitoa matokeo ya watu 10 waliokubali kuishi maabara na kuwekewa siku yenye saa 28, mpaka usingizi na chakula chao vikawa vimepishana kabisa na saa ya ndani. Leptini, homoni inayoupa ubongo habari ya shibe, ilishuka kwa asilimia 17. Sukari ilipanda kwa asilimia 6 ingawa insulini nayo ilikuwa imepanda kwa asilimia 22. Yaani insulini ipo, tena nyingi, na haifui dafu. Mpangilio wa kortisoli ukapinduka. Watatu kati ya wanane waliokuwa na vipimo kamili walifikia sukari ya mtu anayeelekea kwenye kisukari. Yote hayo ndani ya siku chache, bila mtu yeyote kupungukiwa na mmea wala kirutubisho.

Kwa wauguzi wenyewe tuna takwimu za Marekani, zilizotokana na wanawake zaidi ya 170,000 waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Matokeo yaliyotoka mwaka 2011 yalihusu zamu za kuzunguka, yaani angalau naiti tatu kwa mwezi pamoja na zamu za mchana na jioni, jambo ambalo muuguzi wa Dar es Salaam atalitambua mara moja. Waliofanya hivyo kwa mwaka mmoja au miwili walikuwa na hatari ya kisukari aina ya pili iliyozidi kwa asilimia 5. Miaka 10 hadi 19, asilimia 40. Miaka 20 na kuendelea, asilimia 58. Sehemu ya ongezeko hilo ilipitia kwenye unene, lakini si lote. Ndiyo maana akija muuguzi aliyezunguka zamu kwa miaka kumi na tano simpimi paneli ya homoni. Nampima sukari ya asubuhi au HbA1c, presha, na kiuno kwa tepu. Anaona nimempuuza. Nimempima vitu vitakavyomsumbua kweli akifika miaka hamsini.

Wauguzi wa kiume nao huuliza, ila kwa kunong'ona na baada ya kuhakikisha mlango umefungwa. Testosteroni inapanda wakati wa usingizi. Utafiti mdogo wa Chicago wa mwaka 2011 uliwalaza vijana 10 wenye afya saa tano tu kila usiku kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Kabla hujanunua unga wowote, kaka, hesabu saa zako za kulala.

Kuna imani nyingine, na hii haiuzwi na mtu, inatolewa bure na wakubwa wa kazi: "Utazoea." Mwaka 2008 Simon Folkard alipitia tafiti za watu wanaofanya kazi usiku tu, wasiozunguka zamu, ambao kama kuna mtu wa kuzoea wangekuwa wao. Waliokuwa na melatonini iliyohamia mchana kikamilifu walikuwa chini ya asilimia 3. Waliosogea kiasi cha kuwafaa hawakufika robo. Kinachozoeleka ni uchovu wenyewe. Mtu anasahau alivyokuwa kabla.

Sababu ya kutozoea iko nje ya geti la hospitali. Taa za wodini zinatoa mwanga wa lux mia chache. Toka nje saa mbili asubuhi Dar es Salaam, jua likiwa wazi, unakutana na zaidi ya lux 10,000, na hapa kwetu jua halina msimu wa kutuonea huruma. Joto la mwili, na pamoja nalo saa ya ndani, hugusa chini kabisa karibu na saa kumi au kumi na moja alfajiri. Mwanga mkali kabla ya hapo unaisogeza saa nyuma, kuelekea maisha ya usiku. Mwanga mkali baada ya hapo unairudisha mbele, kwenye maisha ya mchana. Muuguzi anayesubiri daladala ya Pugu asubuhi akiwa uso kwa uso na jua anafutiwa marekebisho yote madogo ambayo mwili wake ulikuwa umeyaanza usiku kucha.

Saratani itaulizwa, kwa hiyo nimalize hapa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka kazi za zamu zinazovuruga saa ya mwili kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani mwaka 2007, na likarudia uamuzi huo kwa kazi ya usiku mwaka 2019. Kundi hilo hilo lina nyama nyekundu. Uchunguzi wa wauguzi wa Marekani ulikuta saratani ya matiti imeongezeka kwa waliozunguka zamu miaka 30 na zaidi. Uchunguzi mkubwa wa wanawake wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016 haukuona ongezeko. Denmark iliwahi kuwalipa fidia wanawake waliopata saratani ya matiti baada ya miaka mingi ya kazi ya usiku. Ukiniuliza mimi, hatari ipo lakini si kubwa, na inawagusa waliofanya miaka mingi. Saratani inayowaongoza wanawake wa Tanzania ni ya mlango wa kizazi, ina kipimo, ina chanjo, na najua wauguzi wanaowapima wengine ambao wenyewe hawajapima.

Ni lini basi upime homoni? Hedhi ikipotea miezi mitatu na hutumii sindano wala kipandikizi, anza na kipimo cha mimba, na usicheke. Kisha TSH, kisha prolaktini, ikichukuliwa saa kadhaa baada ya kuamka kutoka usingizi wa kutosha, siku ambayo hukutoka naiti. Maziwa yakitoka na hunyonyeshi, ndevu zikiota, shingo ikivimba, uzito ukishuka huku unakula, kuona pembeni kukipungua: njoo haraka, hayo hayaletwi na zamu. Hedhi inayocheza siku chache huku na huku kwenye miezi ya naiti ni jambo linalojulikana kwa wauguzi wanaozunguka zamu, na kwa wengi linatulia zamu ikibadilika.

Mengine nayasema mbio mbio. Lala kidogo jioni kabla ya kuingia, hata saa moja na nusu. Wodi ikiruhusu na mwenzako akiwa macho, dakika ishirini za usingizi kati ya saa nane na saa kumi usiku zinaweza kupunguza makosa ya dozi na kujichoma sindano. Mwanga uwe mkali mwanzoni mwa zamu. Baada ya saa kumi alfajiri punguza unachoweza kupunguza. Ukitoka, vaa miwani ya jua na kofia, watakuona unaringa, wacha wakuone. Lakini usiivae ukiwa unaendesha mwenyewe na macho yanafumba. Tena, usiendeshe. Saa 17 bila usingizi zinaupunguza uangalifu kama pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, hili lilipimwa mwaka 1997, na bodaboda haikusamehe kwa sababu ulikuwa unaokoa maisha.

Chakula: kula mlo wa maana kabla ya kuingia kazini, usiku kati ya saa sita na kumi na mbili kunywa maji, ukishindwa kabisa kula kidogo, yai au karanga au tunda, wali na chipsi ziache zisubiri asubuhi. Watafiti hao hao wa Boston walionyesha mwaka 2021 kwamba waliofanyishwa kazi usiku lakini wakala mchana tu hawakupandisha sukari. Waliokula usiku walipanda kwa asilimia 6.4. Kahawa nusu ya kwanza ya zamu tu. Nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya saa tano hivi, na kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango muda huo unakaribia kuwa mara mbili, kitu ambacho wauguzi wachache wanakihusisha na usingizi wao wa mchana.

Nyumbani, chumba cha upande usiopigwa na jua la mchana, pazia zito au kitambaa cheusi machoni, feni, pamba masikioni kwa ajili ya mnunua chuma chakavu na spika yake, simu kimya, na mtu mzima mmoja aliyeelezwa waziwazi kwamba mama hayuko nyumbani mpaka saa tisa alasiri. Hili la mwisho ndilo gumu na ndilo lenye faida kuliko yote. Ukikosa usingizi mrefu gawanya: saa nne za usingizi asubuhi, saa mbili nyingine za usingizi jioni. Piriton si dawa ya usingizi, diazepamu ya wodini si yako. Vidonge vya melatonini si uchawi; vilipokusanywa vipimo vyake kwa wafanyakazi wa zamu viliongeza kama dakika 24 za usingizi wa mchana, na ushahidi wenyewe ulikuwa dhaifu.

Kwa wanaopanga rosta: zungusha kwenda mbele, asubuhi, jioni, kisha usiku, kamwe usirudi nyuma. Naiti mbili au tatu mfululizo, kisha ofu ya kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaita usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na inadai nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Inadai mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, isipokuwa kwa makubaliano ya maandishi, kwa hiyo kumtoa mtu zamu ya jioni na kumtaka asubuhi inayofuata kabla saa hizo hazijatimia, bila makubaliano hayo, si ukali wa kazi, ni kuvunja sheria. Mjamzito hapangiwi usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, wala mama miezi miwili baada ya kujifungua, na daktari anaweza kuurefusha muda huo. Aliyethibitishwa kitabibu kwamba kazi ya usiku haimfai anapaswa kuhamishiwa mchana, ila kama haiwezekani kabisa. Cheti hicho tunaandika. Ukikihitaji, njoo na daftari la usingizi la wiki mbili pamoja na majibu ya sukari na presha, na uje siku ya ofu, ukiwa umelala.